Utameza na Nini?

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro asubuhi, na dirisha la dawa lilikuwa bado limefungwa. Ilikuwa hospitali moja ya Mbeya mjini, mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita wanaoijua wanaijua. Nilivaa koti jeupe lililonizidi mikono, cheti changu cha msaidizi wa dawa kikiwa kwenye bahasha, na sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilizunguka lile jengo mara tatu. Mlinzi akaniuliza, "Binti, umepoteza kitu?" Nikamwambia sijapoteza kitu, nimeajiriwa.

Kutulia sijawahi kujua. Hata sasa naandika haya nyumbani kwangu Mlandege, hapa Iringa, na nimeshainuka mara mbili kwenda kutazama maharage ambayo sijayabandika. Wanangu wananicheka, wanasema mama ana siafu miguuni. Wacheke tu. Wao hawajui kuna mama mmoja nilimharibia jina nikiwa kazini, akaniomba nilisafishe, nisilisafishe. Nitamfikia. Lakini hamtaelewa nilivyomkosea kama hamjui kazi ya dirishani ilivyokuwa, kwa hiyo nivumilieni nianze na kazi yenyewe.

Zamani hizo dawa hazikuja kwenye vipakiti vya kung'aa kama mnavyoziona leo. Zilikuja kwenye kopo la vidonge elfu moja. Unamimina kwenye trei, unahesabu tano tano kwa kisu cha plastiki, unatia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, juu yake unaandika 1×2 au 1×3, yaani kimoja kutwa mara mbili, kimoja kutwa mara tatu. Mgonjwa anakuja na karatasi ya daktari, unaisoma, unahesabu, unamwambia maneno mawili matatu, anayefuata. Siku ya mnada au siku ya kliniki foleni inafika mpaka kwenye maua. Mikono inafanya kazi, mdomo unafanya kazi, na kichwa kinaweza kuwa kimelala.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kinyakyusa mwenye jipu mgongoni. Karatasi ilisema kloksasilini. Nikahesabu, nikafunga, nikamwambia kwa sauti yangu nzuri ya chuo: "Kimoja kutwa mara nne, baada ya kula." Mzee akashukuru, akaondoka. Mfamasia Mfawidhi, yaani mkuu wa dawa wa hospitali ile, alikuwa amesimama nyuma yangu na mimi sijui.

"Baada ya kula kakwambia nani?"

"Ndivyo tunavyosema, mzee."

"Tunavyosema sisi na nani?"

Akanituma nikamkimbilie yule mzee, na nilimkuta nje ya geti ananunua ndizi. Nikamrudisha, na Mfamasia Mfawidhi mwenyewe akamwambia ameze saa moja kabla ya kula, tumbo likiwa halina kitu, kwa maji. Mzee alipoondoka tena, yule bosi alinigeukia. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, hana kelele, na maneno yake yalikuwa yanaingia moja kwa moja.

"Binti, kumeza ni kazi ya koo. Kufyonzwa ni kazi ya utumbo. Serikali haikukuajiri kwa ajili ya koo."

Kufyonzwa ndiko huku: kidonge kinayeyuka tumboni, dawa inapenya ukuta wa utumbo, inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka ugonjwa uliko. Isipopenya, inatoka kama ilivyoingia, na mgonjwa amekula chaki. Wiki ile yote alinifundisha jioni, baada ya dirisha kufungwa. Aliniambia dawa za kuua vijidudu zina tabia kama watu. Amoksilini ni mpole, hata ukimmeza na maziwa hana ugomvi. Kloksasilini hataki chakula. Halafu kuna jamii ya tetrasaiklini na doksi, na jamii ya sipro, ambayo kirefu chake ni siprofloksasini. Hizo zikikutana tumboni na maziwa, au na vidonge vya kuongeza damu ambavyo ndani yake mna chuma, au na vile vyeupe vya kutafuna vya kiungulia vyenye magnesiamu, zinashikana navyo. Zinakuwa madonge, kama unga uliomwagwa kwenye maji ya moto bila mwiko. Utumbo hauna la kufanya na madonge.

"Kwa hiyo utamwambia nini mgonjwa wa sipro?" aliniuliza.

"Asinywe maziwa."

"Maziwa hujamkataza. Umemtenganishia saa. Anameza dawa kwa maji, maziwa na vidonge vingine vinasubiri. Sipro itangulie kwa saa mbili, au isubiri saa sita baada ya hivyo vingine. Sema tena."

Nikasema tena. Nilisema mara nyingi mpaka nikawa nasema usingizini. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nilikuwa sijui. Nilijua.

Baada ya miaka michache nikachoka na Mbeya mjini, nikaomba uhamisho, wakanipeleka zahanati ya Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu. Nilifurahi kwa muda wa kama mwezi mmoja. Wachimbaji wale walikuwa watu wa ajabu. Waliamini kwamba maziwa yanasafisha vumbi kifuani, kwa hiyo kila mtu akitoka shimoni ananunua maziwa, na dawa yoyote uliyompa anaisukumia na maziwa hayohayo. Ugonjwa uliowaleta dirishani kwangu mara nyingi ulikuwa ule wa kuleta kwa aibu, na dawa yake ilikuwa doksi.

"Meza na maji," nawaambia. "Maziwa baadaye, saa tatu zipite."

"Mama, na vumbi je?"

"Vumbi lilishaingia tangu mwaka juzi. Litasubiri saa tatu."

Wanacheka, wanaondoka, na nusu yao walikuwa wanasikia. Pale nilisema kila siku, kwa sababu wale walikuwa wananitania na mimi nikiwatania, tulikuwa tunaongea. Nawaambia hili kwa makusudi. Ukiongea na mtu, unakumbuka kumwambia. Nikakaa miaka minne, miguu ikaanza tena, nikaomba kuhama, wakanipa kituo cha afya kimoja bonde la Usangu.

Usangu ni tambarare, joto, mpunga na ng'ombe. Wenyeji walilima, na walikuwepo Wasukuma waliohamia na mifugo kutoka kaskazini, familia kubwa kubwa, maboma yao mbali na barabara. Wakulima na wafugaji walikuwa hawapatani kwa ajili ya maji na mashamba, na sisi watumishi tulikuwa tumeshachagua upande bila kukaa kikao. Tulikuwa na maneno yetu juu ya wale wafugaji. Moja lilikuwa hili: kwamba ukiwapa dawa za binadamu wanawapa ndama wanaoharisha. Aliyekuwa ameona kwa macho yake simjui. Mimi nililikuta linasemwa, nikalisema.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, foleni imejaa. Akaja mwanamke mrefu, shuka begani, nyuma yake mume wake amekaa kwenye benchi ameinamia magoti, na mdogo wa mume amesimama na fimbo. Mwanamke aliitwa Kabula. Mume ni Masunga, mdogo wake ni Maduhu. Nayajua majina yao vizuri mno sasa. Siku ile nilisoma moja tu, la kwenye karatasi.

"Mwangaluka, mayo," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Nzuri," nikamjibu, nikaendelea kuhesabu.

Daktari alikuwa ameandika homa ya matumbo, sipro siku kumi na nne. Chini yake ameongeza vile vyeupe vya kutafuna, kwa sababu Masunga alilalamika tumbo linamuwaka moto. Sipro na magnesiamu kwenye karatasi moja. Hapo ndipo mtu wa dirishani anapotakiwa kuinua kichwa. Sikuinua.

"Mama, hii anakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Na hii nyeupe atafune asubuhi na jioni. Asinywe tumbo tupu, zitamchoma."

"Tumbo tupu hapana," alirudia polepole.

"Hapana. Anayefuata."

Ndiyo yote niliyosema. Najiuliza mpaka leo kwa nini. Foleni ilikuwepo, ndiyo, lakini foleni ilikuwepo Makongolosi pia. Ukweli wenyewe nausema, unaniuma kuusema: niliona Kiswahili chake kinakwenda taratibu, nikaona kwamba kumweleza ni kupoteza muda.

Baada ya siku nane wakarudi. Masunga alikuwa amepungua, macho yameingia ndani, homa ileile. Daktari akashangaa. Akampeleka kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, na Mganga Mfawidhi akasema huo ni usugu, vijidudu vimezoea dawa, waendelee na ileile wamalizie siku zilizobaki, vile vyeupe vikiwa vimeisha waongezewe, kisha tuone. Kabula akaja dirishani. Nilikuwa na hasira siku hiyo, hata sikumbuki ya nini. Nikamtazama, nikamuuliza kwa sauti ya kusikika foleni nzima:

"Haya, ndama wako wamepona?"

Hakuelewa mara moja. "Ndama wangu hawaumwi, mama."

"Basi dawa nilizokupa zimekwenda wapi? Mumeo angemeza angepona. Ninyi si tunawajua? Mnawapa ng'ombe, halafu mnakuja kutulilia sisi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Kabula akasema, "Nimempa zote, mama. Kwa saa." Alisema mara moja tu. Nami sikumwangalia yeye, nilimwangalia Maduhu, sijui kwa nini, labda nilitaka na yeye acheke. Maduhu hakucheka. Alikuwa anamtazama shemeji yake kama mtu aliyesikia jambo jipya. Nikampa Kabula vile vyeupe vingine, nikamwambia maneno yaleyale, asubuhi na jioni, asinywe tumbo tupu.

Nimesimama kidogo, nimerudi. Nilitoka nje kufagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Siku ya kumi na mbili Maduhu alimleta kaka yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kabula alikuwa anatembea nyuma kwa miguu, mbali kidogo, na nikaona kwamba yeye na Maduhu hawasemeshani. Tumbo la Masunga lilikuwa gumu kama ubao. Homa ya matumbo ikiachwa ikatamba inatoboa utumbo, na hapo vidonge havina kazi tena, ni kisu. Gari la kituo likamkimbiza Mbeya, wakampasua usiku uleule. Alikufa siku ya tatu.

Sisemi maziwa yalimuua, nitayafikia hayo maziwa. Homa ya matumbo inaua hata waliomeza dawa vizuri, na sitaki mtu anayesoma hapa aache maziwa kwa hofu. Nasema kwamba dawa tuliyompa haikufika, na aliyetakiwa kuhakikisha inafika nilikuwa mimi.

Hilo nililijua baada ya kama wiki tatu, Kabula alipokuja peke yake. Alikuja mchana, foleni imekwisha. Akaweka bahasha yangu kwenye dirisha, ile yenye mwandiko wangu.

"Zimebaki tano," akasema. "Mpe mwingine. Zile nyingine alimeza mpaka siku aliyoshindwa kumeza."

Nikahesabu, kwa mazoea tu ya mkono. Siku kumi na nne ni vidonge ishirini na nane. Kufika asubuhi ya mkokoteni vilitakiwa viwe vimemezwa ishirini na vitatu. Vilibaki vitano. Hakuna hata kimoja kilichopotea.

"Alikuwa anameza na nini?" nikamuuliza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumuuliza.

"Na maziwa mgando, mama. Ulisema tumbo tupu hapana. Asubuhi kata moja kubwa ya kibuyu, jioni kata moja kubwa. Namtafunisha kwanza ile nyeupe, halafu kidonge, halafu maziwa. Yote pamoja, isimchome. Hakuwa anapenda. Nilikuwa namshika kichwa."

Mtu wa boma la ng'ombe ukimwambia asinywe dawa tumbo tupu, atakunywa na nini kama si maziwa? Asubuhi pale hapaliwi mkate. Kila mtu Usangu alijua hilo, na mimi nilijua. Nilimpa kwa mkono wangu vile vyeupe, na kwa mdomo wangu nikampa maziwa, na yeye akafuata neno kwa neno, bila kukosa saa.

Halafu akasema kilichomleta. "Wamenirudisha kwetu. Baba mkwe anasema nimelisha ndama dawa za mwanawe. Maduhu amesema ni wewe ulisema. Watoto wamebaki kule. Nakuomba, mama, twende ukawaambie. Wewe watakusikia."

"Nitakuja," nikamwambia. "Wiki ijayo nitakuja."

Sikumwambia habari ya maziwa. Alipoondoka nikaenda kwa Mganga Mfawidhi, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Uende ukawaambie nini? Kwamba tuliwapa dawa mbili zinazokataana na maelezo ya nusu mstari?"

"Ndiyo, Mganga."

"Kesho kila aliyefiwa na mtu atakuwa mlangoni kwangu na fimbo. Na wale wakulima waliocheka nao watataka kujua. Daktari aliyeandika ana watoto, na wewe una watoto. Mtumishi ana siri. Yule mama ataolewa tena, watu husahau."

Alikuwa mtu mzuri kwa mambo mengi, yule Mganga. Siku hiyo alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na mimi nikapita. Wiki ijayo ikafika, sikwenda. Iliyofuata, sikwenda. Mwezi uliofuata nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nikaeleza baridi ya Iringa inanifaa kifua. Kifua changu hakikuwa na neno.

Iringa nikamaliza utumishi wangu, miaka mingi, hospitali moja hapa mjini. Mnataka kujua kazi niliifanyaje? Niliifanya kama mtu anayefukuzwa. Niliacha kuandika 1×2 peke yake. Niliandika saa: moja asubuhi, moja jioni, maji. Karatasi yenye dawa mbili zinazokataana nilikuwa nairudisha kwa daktari mwenyewe, kwa miguu, mpaka madaktari wadogo wakawa wananikimbia koridoni. Na kila mgonjwa nilimuuliza swali moja kabla sijamwachia bahasha: utameza na nini? Simwambii, namuuliza, halafu nakaa kimya asikie kwamba nasubiri. Mtasikia mambo. Mama mmoja wa hapa mjini alikuwa anasaga sipro ndani ya uji wa maziwa. Mwingine anatumia vidonge vya damu, anavimeza pamoja na doksi kwa mkupuo mmoja ili asisahau. Kuna wanaolamba udongo asubuhi nzima na kuona kwamba udongo si kitu cha kumwambia mtu wa dawa, kumbe nao unashikana na dawa. Babu mmoja wa kwetu Igowole alinisalimia kwanza, halafu akanijibu, "Kamwene, binti. Nitameza na ulanzi."

"Ulanzi ni pombe, utakusahaulisha saa, babu. Meza na maji."

"Maji ya nini, mimi nina mianzi?"

Tulibishana naye hapo mpaka foleni ikapiga miluzi. Muuguzi Mkuu, mama mmoja mkali wa Kihehe, alikuja kuona kuna nini. "Wewe mama," akaniambia, "mgonjwa mmoja dakika kumi? Unawahoji kama polisi." Nikamwambia nitamaliza foleni hata kama ni saa tatu usiku, lakini nitauliza. Akanitazama, akaondoka. Tangu hapo hakuniingilia.

Siku ya kustaafu walinipa kitenge, blanketi na maneno mazuri. Mfamasia wa pale alisema kwamba sijawahi kumtukana mgonjwa. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti nijibu, nikashukuru haraka, nikakaa.

Wanangu walidhani nitapumzika. Kupumzika na nani? Kwaya ya usharika nilidumu miezi miwili, mwalimu wa kwaya akasema mama unatangulia wimbo. Nikipita duka la dawa nasimama mlangoni kusikiliza wanavyowaeleza watu, nikisikia "baada ya kula" nusu mstari naingia. Wameshanizoea, wengine wananiwekea kiti. Halafu nikaanza safari za minadani. Kila nilipopata nauli nilishuka Usangu siku ya mnada wa ng'ombe, nauliza wazee wa Kisukuma, mnamjua Maduhu, mdogo wake marehemu Masunga? Wengi walikuwa wamehama. Wengine walidhani nadai.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nikampata. Mzee sasa, kofia, fimbo. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Mama wa dirishani," akasema.

Nikamwambia yote palepale, tumesimama, ng'ombe wanapita. Nikamwambia kuhusu vile vyeupe, maziwa, bahasha yenye vidonge vitano. Hakunikatiza.

"Kabula aliapa," akasema. "Aliapa mbele ya baba, mbele ya watoto. Sisi tukasema, yule mama wa dirishani amesoma, hawezi kusema uongo mbele ya watu. Tukakuona wewe ni mkweli kuliko mtu wa nyumbani kwetu."

"Yuko wapi?"

"Kwao hakukaa. Aliolewa mbali, akafiwa tena. Binti yake ana simu."

Nilikaa na ile namba wiki mbili. Nilifagia uwanja mpaka udongo ukatokeza mawe. Juzi asubuhi nikapiga, nikizunguka nyumba, na yule binti akampa mama yake simu.

"Ni mimi, Kabula. Mama wa dirishani, kule Usangu."

Nikasikia kuku upande wake.

"Nakukumbuka," akasema.

Nikamweleza. Kiswahili chake sasa kinakwenda kasi kuliko changu, hapakuwa na neno la kumpita. Nikamwambia habari ya dawa na maziwa na vile vyeupe, jinsi zinavyoshikana, jinsi dawa haikuweza kupenya. Nilidhani namtua mzigo. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ni kata yangu?"

"Kabula..."

"Mimi ndiye niliyekuwa namshika kichwa. Hataki, namnywesha. Kwa hiyo dawa niliizuia mimi, kwa mkono wangu."

Mungu anisamehe, hilo sikuwa nimelifikiria. Miaka yote hiyo nilifikiria kifua changu mimi, kitakavyopata nafuu nikishasema. Nikasimama pale nyuma ya jiko, na kwa mara ya kwanza miguu ilitulia.

"Hapana," nikamwambia. "Wewe ulifanya nilichosema. Nilijua mnakunywa maziwa, sikukuuliza. Nilijua vile vyeupe vinakataana na ile dawa, sikutenganisha. Kosa ni langu, halina nusu."

Nikamsikia anawafukuza kuku.

"Mimi nilikuomba jambo moja," akasema. "Sikukuomba uniambie mimi. Mimi nilikuwepo, najua sikulisha ndama. Nilikuomba uwaambie wao."

"Maduhu nimemwambia."

"Maduhu ni mmoja. Wanangu wamekua wakiambiwa mama yao alimnyima baba yao dawa akawapa ndama. Wana watoto sasa. Na wale waliocheka pale dirishani?"

Akanitakia siku njema, kwa adabu, akarudisha simu kwa binti yake.

Waliocheka wengi siwajui majina, na wengine wameshakufa. Ndiyo sababu ya kuandika, ili popote walipo, au watoto wao, wasome. Kwa wanawe nakwenda mwenyewe. Maduhu ameahidi kuwaita wote bomani, na begi langu liko mlangoni tangu jana. Nitakaa mbele yao niseme hivi, na ninyi nawaambia hivihivi: Kabula hakulisha ndama. Alimpa mumewe dawa zote, kwa saa, kama alivyoambiwa, na aliyemwambia vibaya ni mimi.